Kitenge cha Miavuli

Kahindo aliiona nguo ya harusi yake ikivuka barabara kiunoni mwa mtu mwingine.

Alikuwa anatoka shule, chaki bado vidoleni, anapita mtaa wa Rwambuzi kwa mwendo wa haraka kama watu wote wa Bunia mwaka ule wa 2003, maana vita ilikuwa imewafundisha kwamba barabarani si mahali pa kuzubaa. Akainua macho, akaiona miavuli. Kitenge cha buluu, miavuli midogo ya manjano imetawanyika juu yake. Mji mzima kitenge kile kilikuwa na mwenyewe mmoja tu. Shangazi yake Léontine, muuza vitenge, alilileta jora zima kutoka Butembo kabla barabara haijafungwa, akaapa mbele ya jamaa kwamba hatauza hata kipande cha kufutia vumbi. Kilikuwa kitenge cha dot, siku ya mahari, ambayo ingekuwa Jumamosi. Wanawake wa upande wa bibi wangekivaa, wanawake wa upande wa bwana wangekivaa, na yeyote atakayeonekana nacho angejulikana kuwa ni ndugu.

Sasa huyu ndugu alikuwa nani?

Kahindo alimwona kwa mgongo tu. Alikuwa msichana mdogo, kimo cha wanafunzi wake wa darasa la nne, kichwa amekifunga kitambaa, kitenge amekikunja mara mbili kiunoni ili kisiburute chini. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga. Alipita nyuma ya ua wa Denise muuza makaa, akasukuma mlango wa nyuma wa nyumba ya Daktari Sébastien, mchumba wa Kahindo, akaingia bila hodi, kama mtu anayeingia kwao.

Kahindo alipiga hesabu. Vipande vya upande wa bwana alikabidhiwa Sébastien mwenyewe, awawekee dada zake waliokuwa wamekwama Mambasa. Na Sébastien, tangu arudi kutoka porini safari hii, alikuwa hamkaribishi tena ndani. Alimpokea barazani. Alimpa kiti, akamwuliza habari za shule, na yeye mwenyewe akakaa kiti cha pili, kile kilichotazama mlango. Kahindo alikuwa amejiambia kwamba ni heshima ya mchumba anayengoja siku yake. Mtu akipenda hujitafutia maneno ya kujiliwaza, na Kahindo alikuwa amejitafutia mengi.

Hakumfuata yule msichana. Alikwenda nyumbani akiwa anaona miavuli ya manjano hata pasipokuwa na kitu.

*

"Mutoto mu mugongo?" Shangazi Léontine aliweka kikombe chini. "Unasema mutoto?"

"Mutoto mudogo sana, Tante. Hata shingo haijakaza."

"Na ule binti?"

"Mudogo pia. Anaweza kuwa na quatorze ans, miaka kumi na ine hivi."

Shangazi alipiga makofi mara moja, makofi makavu ya mwanamke aliyengoja kwa muda mrefu kushinda kesi. Katika ukoo wao msichana haolewi kama dada ya baba yake amekataa, na Léontine alikuwa amekubali kwa mdomo tu.

"Nilikuambia, ao sikukuambia? Mwanaume anaendaka mu pori mwezi muzima. Anarudia amekonda, ananuka moshi. Badocteur wenzake bako na clinique, bako na gari. Yeye iko na sacoche ya dawa na viatu ya matope. Unamuuliza alikuwa kwa nani, anasema kwa Bambuti. Bambuti! Nani ataenda kuuliza Bambuti kama ni kweli?"

Hapo shangazi hakukosea. Sébastien alipomaliza udaktari Kisangani angeweza kubaki mjini kama wengine. Yeye alinunua pikipiki kuukuu, akawa anaiendesha hadi Komanda na mbele zaidi, kisha anaiacha kijijini na kuingia msituni kwa miguu, kambi kwa kambi, akitibu buba na homa na kuzalisha akina mama wa Kimbuti ambao hakuna zahanati iliyowahi kuwaita kwa majina. Babu yake, Mubira, mkulima wa kule kule, alikuwa akisema "Bambuti yangu" kama mtu asemavyo mbuzi wangu, na mjukuu alikua akilisikia neno hilo likimkera.

Kahindo alikutana naye siku alipokuwa na malaria, Sébastien akiwa mjini kutafuta dawa. Alimwuliza kwa nini hakai mjini. Akajibu, "Wagonjwa wangu hawajui njia ya hospitali. Basi hospitali ijifunze njia yao." Akacheka kidogo, kwa aibu, akamgusa paji la uso kwa mgongo wa mkono. Mwanamke anaweza kumpenda mwanaume kwa sentensi moja tu, halafu akailipa sentensi hiyo miaka.

"Na kuko jambo ingine," shangazi aliendelea. "Siye wote banatusimamisha ku barrière ya batu ya bunduki. Banatuvua mpaka viatu. Yeye anapita. Anatoka upande ya Komanda, anafika hapa na mufuko yake ya dawa muzima. Anapita namna gani? Ni mutu ya nani?"

"Léontine," alisema baba yake Kahindo, aliyekuwa ameketi pembeni. Muzee Mumbere alikuwa na duka la misumari na mabati, na maneno yake aliyatoa moja moja kama misumari. Alimtazama binti yake. Aliona chaki vidoleni, aliona macho mekundu.

"Unamupenda?"

"Ndiyo, Papa."

"Sikuuliza kama unamuamini. Ile najua, uko nalia." Alivuta pumzi. "Mbuzi zake ziko kwa ua. Samedi watu watakuja kukaa. Kama kuko bibi mwingine mu ile nyumba, tutajua mbele ya samedi, hapana kisha. Uende umuulize. Akikufungulia mulango, nitapokea mbuzi. Akikufungia, umurudishie kikwembe yako, na miye nitamurudishia mbuzi zake."

"Hata ingekuwa miye singemuuliza," alisema shangazi. "Mwizi hawezi kukuambia niliiba."

"Ataulizwa," alisema Muzee Mumbere.

Kahindo alikwenda chumbani, akakitoa kitenge chake sandukuni. Kilikuwa bado kina harufu ya duka. Alikikunja, akakitia kikapuni, akafunika na majani ya sombe, ili majirani wafikiri anampelekea mchumba mboga. Bunia ya wakati ule ilikuwa na macho kila dirisha.

*

Sébastien alifungua kabla Kahindo hajabisha, kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango. Akatoka, akaufunga mgongoni kwake.

"Karibu," alisema. "Nilifikiri utakuja kesho."

"Unangoja nani leo?"

"Hakuna mutu."

Alikuwa amekonda kweli. Shati lilimning'inia mabegani, na macho yale aliyoyapenda, macho ya mtu anayesikiliza, yalikuwa yamezama. Kahindo alitamani kumwambia aketi ale. Alijichukia kwa kutamani.

"Docteur," alisema.

Sébastien alistuka. Walipokuwa wawili alikuwa Seba. Docteur lilikuwa jina la mbele ya watu.

"Minakuja kukuuliza jambo moja. Ndani kuko nani?"

"Nimesema hakuna mutu."

Ndani mtu akakohoa.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wangemwona daktari siku ile wangeongeza kwamba kikohozi chenyewe ndicho hakifichiki zaidi. Sébastien alifumba macho. Kahindo alingoja. Alitaka kuona uongo wa pili utakuwa na sura gani.

"Ni mugonjwa," alisema Sébastien.

"Mbele hakuna mutu, sasa ni mugonjwa. Bagonjwa banalalaka hôpital."

"Huyu analala hapa."

"Juu ya nini hapa, hapana kule?"

"Kahindo, nakuomba. Ngoja samedi ipite. Nitakuambia yote."

"Samedi ipite, nikuwe bibi yako, kisha uniambie?" Sauti ilimpanda, akaishusha, maana upande wa pili wa ua Denise alikuwa ameacha kupanga makaa yake. "Seba, nilimuona. Nilimuona na macho yangu, amevaa kikwembe yetu, na mutoto ku mugongo. Ile mutoto ni ya nani?"

"Ya mama yake."

"Na baba?"

"Iko pori."

"Weye pia ulikuwa pori."

Neno lile lilimfika Sébastien. Aliona uso wake ukibadilika, na kwa kitambo kidogo Kahindo alifurahi kwamba lilimfika, halafu furaha ikaisha. Angekataa! Angekasirika, angeapa kwa jina la mama yake, angeupiga mlango kofi. Sébastien alisimama tu akimtazama kwa namna asiyoielewa, kama kwamba Kahindo ndiye anayechunguzwa.

"Ba kikwembe ya badada yako iko wapi?" Kahindo aliuliza. "Unionyeshe. Kama ziko zote mu sanduku, nitaomba pardon, nitaenda nyumbani."

"Haziko."

"Basi."

Aliyaondoa majani ya sombe, akatoa kitenge chake, akakiweka juu ya kiti, kile kilichotazama mlango. Alikiweka vizuri, pindo juu ya pindo, kwa sababu alikuwa mwanamke aliyelelewa.

"Papa atarudisha mbuzi."

Sébastien alikitazama kile kitenge. Mikono yake, mikono ile iliyokuwa haitetemeki mbele ya damu, aliiweka mifukoni. "Usiende hivi," alisema kwa sauti ndogo. "Kahindo. Usiende na hiyo mu kichwa yako."

"Nitaenda na nini ingine? Umenipatia nini ingine?"

Hapo mlango ukafunguka kwa ndani.

Aliyetoka alikuwa yuleyule. Kimo kilekile, kitenge kilekile kilichokunjwa mara mbili. Ila sasa Kahindo alimwona kwa mbele, bila kitambaa kichwani. Nywele zilikuwa za mvi. Uso ulikuwa na mikunjo myembamba, na matiti yalikuwa ya mwanamke aliyenyonyesha watoto wengi na kumaliza. Mtoto mchanga alikuwa kifuani kwake sasa, analala. Yule msichana wa miaka kumi na minne alikuwa bibi mwenye mjukuu.

Kahindo alikaa kitini bila kukusudia, juu ya kitenge chake mwenyewe.

"Docteur," alisema yule mama, "mutoto yangu anauliza maji. Na huyu mwanamuke analia nini inje? Anataka Denise asikie?"

Alikuwa Mumbuti, wa wale watu wafupi wa msituni. Hilo halikuhitaji kuambiwa.

"Mama Ndeke, nilikuambia usitoke," alisema Sébastien. "Muchana pia ulitoka."

"Nilienda kutafuta majani. Dawa yako ya sindano iko muzuri, lakini haina majani. Na nyumba yako haina hewa." Alimtazama Kahindo toka kichwani hadi viatuni, bila haraka na bila tabasamu. "Ni huyu?"

"Ni huyu," alisema Sébastien.

*

Kahindo aliingia. Hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemzuia. Chumbani, juu ya kitanda cha Sébastien, alilala mwanamke mwingine, kijana, kope zimevimba kwa homa, naye amefunikwa miavuli ya manjano. Kwenye kamba ya dirishani kipande cha tatu kilianikwa, kimefuliwa. Vitenge vya dada za bwana vyote vilikuwa pale.

"Binti yake," alisema Sébastien nyuma yake. "Alizalia njiani. Kule mbele ya Komanda pori haikalike tena, wenye bunduki wameingia mpaka mu kambi. Wamekimbia. Banaume wakabaki nyuma kuvuruga nyayo. Mama Ndeke akanipitisha na njia yao. Njo vile napitaka barrières, Kahindo. Sipitake. Bambuti wananizungusha mu pori."

Kahindo alikumbuka viatu vya matope. Shangazi alikuwa ameviona viatu miaka yote, na wao wote waliviona, na hakuna aliyeuliza matope ya wapi.

"Na hôpital?"

"Niliwapeleka. Siku ya kwanza walikuwa na nguo yao ya gome. Mulinzi akawaacha inje ya porte mpaka jioni. Akasema hawa hawana mutu. Miye nilikuwa ndani natafuta kitanda, nilifikiri wako nyuma yangu." Aliongea taratibu, akiwa hamtazami. "Kesho yake nikafungua sanduku. Nikawavalisha ba kikwembe ya dot. Nikasema ni famille yangu, wanakuja ku mariage. Wakaingia. Mulinzi uleule akawafungulia. Badocteur walimuangalia binti vizuri, wakamupatia sindano, akatoka. Lakini homa ikarudi, na sasa mu mji kila mutu anauliza mugeni ni wa upande gani. Wenye bunduki wanatafuta batu ya kuwaonyesha njia za pori. Mama Ndeke anazijua zote toka hapa mpaka Epulu. Wakijua iko hapa, watamukamata, watamufunga kamba, atembee mbele yao."

Kahindo alimgeukia Sébastien. Wivu ulikuwa umemtoka, na pahali pake pakaingia hasira ya aina nyingine, safi kidogo, lakini hasira.

"Juu ya nini hukuniambia? Mulinzi anaweza kuwaona, miye hapana? Ulifikiri nitakusaliti kwa watu ya bunduki?"

"Hapana."

"Basi juu ya nini?"

Mama Ndeke alikuwa ameketi mkekani kando ya kitanda, anampa binti yake maji kwa kijiko, na mgongo wake ulikuwa unasikiliza.

"Ulicheka," alisema Sébastien.

"Nilicheka nini?"

"Siku ya présentation. Nilipokuja kujitambulisha kwa papa yako."

Kahindo akakumbuka. Ilikuwa siku ya furaha, ndiyo maana aliikumbuka pole pole, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye kipande cha samaki mtamu. Walikuwa mezani. Shangazi Léontine alikuwa amesema, "Docteur, siku ya dot utakuja na famille yako, ao utakuja na Bambuti yako? Tujue kama tutafute viti ndogo!" Watu wakacheka. Na yeye Kahindo, mwalimu Kahindo, akiwa amejaa furaha na bia ndogo ya baba yake, alisema, "Nitaazima viti ya batoto ya maternelle, ku masomo iko mingi." Wakacheka zaidi. Sébastien naye alitabasamu. Au Kahindo alidhani alitabasamu.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni.

"Ilikuwa mchezo," alisema.

"Najua ilikuwa mchezo. Nilienda nyumbani nikijiambia ni mchezo. Lakini siku ile nilipowaona wamekaa inje ya porte, wakiangaliwa, nilisikia sauti yako." Sasa alimtazama. "Nakupenda Kahindo, Mungu anajua. Lakini niliogopa kufungua huu mulango nikakuona unacheka. Ningeweza kuvumilia yote, ile hapana."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wiki zile zote yeye alikaa barazani akimshuku Sébastien, na Sébastien alikaa barazani akimshuku yeye, viti viwili vimetazamana, chai inapoa.

Kahindo alifungua mdomo kujibu, na nje mtu akabisha.

*

"Hodi hapa! Docteur!"

Ilikuwa sauti ya Floribert, chef wa avenue, mkuu wa mtaa, mzee mwenye suti, kofia na adabu nyingi, aliyezoea kusuluhisha ugomvi wa kuku na maji machafu. Vita ilikuwa imempa kazi asizozitaka. Nyuma yake alisimama mwanaume mwenye bunduki begani, anatafuna muwa. Hakutaja jina lake.

"Docteur, pardon," alisema Floribert barazani. "Batu banasema nyumba yako iko nalalisha bageni. Unajua siku hizi. Naombwa kuuliza, nauliza."

"Ni bagonjwa," alisema Sébastien.

Yule wa muwa alikuwa ameshachungulia. Mama Ndeke alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mkononi, hajui kama aingie au akimbie.

"Hao ni batu ya pori," alisema. Alitema makapi ya muwa chini. "Hao njo banajuaka njia. Ule mama akuje, tunataka kumuuliza kidogo tu."

Kidogo tu. Kila mtu Bunia alijua maana ya kidogo tu. Sébastien alipiga hatua mbele, mikono wazi, na Kahindo aliona kwamba atasema ukweli wa kidaktari, ugonjwa na homa na sheria ya wagonjwa, na kwamba ukweli ule hautamzuia mtu huyu hata kwa dakika. Angesukumwa. Labda angepigwa. Na mama yule angetembea mbele yao na kamba kiunoni, juu ya miavuli ya manjano.

Kahindo alitoka barazani, akakichukua kitenge chake kitini. Alikikung'uta kwa nguvu, kikalia paa. Akakifunga juu ya sketi yake ya shule, akakaza fundo, kama wanawake wanavyokaza kabla ya ugomvi wa kisimani.

"Papa Floribert, mumekuja mapema," alisema. "Dot ni samedi."

Floribert aliondoa kofia. "Mwalimu. Sikujua uko hapa."

"Niko hapa natunza bashemeki yangu. Hawa ni famille ya bwana yangu. Huyu ni mama ya upande yake. Ndani ni dada yake, amezaa, ananyonyesha. Hamuone kikwembe?" Aliushika mkono wa Mama Ndeke. Ulikuwa mkavu na mgumu, na haukumshika. Akauweka juu ya fundo lake, kitenge kwa kitenge, miavuli kwa miavuli. "Bunia muzima nani mwingine iko nayo? Muende muulize Tante Léontine aliuzia nani."

Yule wa muwa alicheka puani. "Dada ya docteur bako bafupi hivi?"

"Na bibi ya Papa Floribert anamupita urefu. Nani aliwahi kumuuliza?"

Ilikuwa kweli, na mtaa mzima uliijua, na Denise nyuma ya ua alishindwa kujizuia. Hata mwenye bunduki akacheka, safari hii kwa mdomo. Floribert hakucheka. Alikuwa anawatazama wale wanawake wawili, na alikuwa na macho, alijua anachokiona. Lakini chef wa avenue anahitaji jibu la kupeleka kwa wanaomtuma, na hili lilikuwa jibu.

"Ni bakwe ya Muzee Mumbere sasa," Kahindo alimalizia, sauti imeshuka. "Kama munataka kubatosha mu nyumba, muanze kwa duka yake, mumuelezee kwanza."

Floribert alivaa kofia. Alimgeukia mwenzake, akamnong'oneza, akataja jina la Mumbere na neno mabati, na mwenzake akainua mabega. Wangehitaji mabati.

"Basi," alisema Floribert kwa Kahindo. "Nimeambiwa ni famille ya bwana, nitasema ni famille ya bwana. Na samedi nitakuja kula, mwalimu. Huyu pia atakuja. Tutaangalia nani anakaa upande gani."

Alisema hivyo kwa upole. Lakini Kahindo alilisikia lililokuwa ndani yake, na Sébastien alilisikia. Jumamosi viti vya upande wa bwana visipokuwa na watu hawa, jioni yake watarudi.

Walipoondoka, Kahindo aliegemea ukuta. Sébastien alimjia. Macho yalikuwa yamemjaa machozi na hakuyafuta.

"Kahindo…"

"Usinishike." Alitaka ashikwe kuliko kitu chochote. "Umenidanganya mara mbili mbele ya huu mulango. Ile ya tatu nitaenda, na hakuna kikwembe itanirudisha."

"Hakutakuwa ya tatu."

"Tutaona."

"Na papa yako? Tante?"

"Papa alisema ukinifungulia mulango atapokea mbuzi." Alipangusa uso. "Tante nitamuambia leo. Atalia, atasema nimemuaibisha, kisha atauliza kama kikwembe inawatosha."

Alijaribu kuamini alichokisema. Kichwani alimwona shangazi yake Jumamosi, mbele ya jamaa wote, akiwaona wanaoingia kwa mlango wa bwana. Aliuona mdomo wake ukianza kucheka.

Walipoingia ndani, Mama Ndeke alikuwa amerudi mkekani. Hakushukuru. Alimweka mtoto miguuni, akakitazama kitenge cha Kahindo, halafu uso wake.

"Weye njo ulisema viti ya batoto," alisema.

Kahindo alimtazama Sébastien. Alikuwa amewaambia. Au walimsikia akiongea usingizini, au msitu mzima ulijua. Hapakuwa na pa kujificha.

"Ni miye, mama."

"Leo umesema siye ni famille. Kulikuwa na bunduki. Mutu akiona bunduki anasemaka mengi." Yule mama alimfunika mtoto miguu. "Samedi bunduki itakuwa inakula nyama. Tante yako akituona, akicheka, na batu bote bakicheka, weye utafanya nini?"

Jibu la upesi lilikuwapo, tamu, lakini Kahindo alijua huyu mama ameshapewa majibu matamu na watu wengi waliovaa viatu.

"Nitakuwa nimekaa upande ya papa yangu," alisema mwishowe. "Njo desturi. Tante akicheka, nitasimama. Nitabeba kiti yangu, nivuke katikati ya watu, nikae upande wenu. Na dot itaendelea nikiwa pale, ao itaishia pale."

Mama Ndeke alimtazama Kahindo kwa muda mrefu, kama mtu anayepima mto kabla ya kutia mguu, na usoni mwake hakukuwa na dalili kwamba ameamini.

Halafu akasogea kidogo upande mmoja wa mkeka, nafasi ya mtu mmoja, akaendelea kumpa binti yake maji.